Maji ya Wakwe

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wakati Fisi bado anavaa kanzu na Nyati ana nyumba yenye mlango wa mbao na komeo, palikuwa na kijiji cha wanyama chenye chemchemi moja tu. Moja! Sikusema mbili. Na wewe hapo nyuma acha kucheka, hadithi hii haichekeshi, angalau si mwanzoni.

Chemchemi hiyo ilitoka chini ya jabali, pu-pu-pu, maji baridi, meupe. Kila nyumba ilichota hapo asubuhi, ikajaza mtungi, ikafunika. Halafu kikaja kiangazi kibaya. Mto ukakauka mpaka mchanga. Kiboko, aliyekuwa akikaa mtoni, akahama na tumbo lake lote, akaja akajitumbukiza chemchemini. Pwaaa! Akaoga humo, akalala humo, akacheua humo, na haja zake akazimaliza humo humo.

"Bwana Kiboko," wanyama wakamlilia, "sasa sisi tunywe nini?"

"Si kuna dimbwi hapo chini?" Kiboko akajibu, macho nusu yamefumba. "Yakishanipita mimi, yanashuka kwenu. Maji ni maji. Mnataka nini tena, asali?"

Kisha akamweka Nyati kuwa mlinzi, na pembe zake zile. Nani angethubutu kusogea?

Basi watu wakanywa maji ya dimbwi. Yalikuwa rangi ya chai ya maziwa iliyolala, na harufu yake msiniulize. Haikupita wiki, watoto wakaanza kuugua matumbo. Nyumba hii wanahara, nyumba ile wanatapika. Usiku kucha unasikia milango, kwaa, kwaa, mama wa watu wanakimbia na watoto nje.

Sasa, katika kijiji hicho aliishi Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu na mdomo. Mnamjua nguchiro, yule mnyama mrefu mwembamba anayekimbia na mkia nyuma. Huyu alikuwa amezika watoto wawili. Wa tatu alipozaliwa akamwita Siwatu, jina ambalo wazee humpa mtoto aliyezaliwa baada ya misiba, ili kifo kimpite kama vile hakikumwona. Mama huyu hakuwa na kitu kingine duniani. Siwatu tu.

Na Siwatu akashikwa na tumbo.

Siku ya kwanza akahara. Siku ya pili akatapika. Asubuhi ya siku ya tatu macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka mpaka imepasuka. Mama yake akimfinya ngozi ya tumbo, ngozi inabaki imesimama vile vile, hairudi. Hakuwa amekojoa tangu jana.

"Mama, maji."

Mwenzenu Nguchiro alikuwa na mtungi wa maji ya dimbwi. Alikuwa ameyachuja kwa kitambaa mara nne. Alikuwa ameyachemsha. Lakini tope ukilichemsha unapata tope la moto, basi. Kila mara mtoto akilionja, uwee, linarudi lote.

Jirani yake, Kanga, alisimama mlangoni akitikisa kichwa chake kile kidogo. "Mama Siwatu, mtoto akipitisha siku ya leo bila maji ya maana... mimi sisemi."

"Basi usiseme!" Nguchiro akamkata. "Kaa naye. Mpepee. Nitarudi kabla jua halijapinduka."

Akatwaa mtungi mtupu na kata ya kuchotea, akautia mtungi kichwani, mbio.

Kwenye njia ya chemchemi, Nyati akainua pembe. "Simama hapo! Hakuna kuchota."

"Shikamoo, Baba Ndama."

"Marahaba. Hakuna kuchota."

Nguchiro akamtazama. Macho ya Nyati yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala. "Ndama hajambo?"

"Hajambo." Nyati akakwaruza ardhi kwa kwato. "Tumbo tu."

"Siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Anakunywa maji ya wapi?"

"Ya dimbwi, kama wenzake. Mimi hapa ni mlinzi, si mwenye maji." Akageuza uso. "Pita ukamsalimie Bwana Kiboko kama ni kusalimia. Ukichota, nitakukanyaga. Sipendi, lakini nitakukanyaga."

Nguchiro akapita. Uso mkavu.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Sikujia maji. Nimekuja kukupa hongera."

Jicho moja la Kiboko likafumbuka. "Hongera ya nini?"

"He! Ina maana hujui? Wakwe zako wako njiani!"

Ngoja niwaambie. Kiboko alikuwa na binti, jina lake Mashavu, na alimpenda binti huyo kuliko chochote. Viboko wa Ziwa Kuu, watu wenye jina, walikuwa wametuma salamu kwamba watakuja kumposea kijana wao. Kijiji kizima kilijua. Kiboko aliwangoja huku akijisifu kwa kila anayepita.

"Leo?" Kiboko akaruka, maji yakamwagika. "Si walisema mwezi ukiandama?"

"Mimi nimepishana nao alfajiri pale Njia Panda. Kumi na wawili, na mikeka kichwani. Mama wa bwana harusi ana haraka zake. Tena njia nzima alikuwa akiuliza jambo moja."

"Jambo gani?"

"Aliuliza maji yako yakoje."

Kiboko akashtuka. Kwa nini? Kwa sababu katika nchi ile wakwe wakija kuposa, hawapewi chakula kwanza, wala mkeka. Wanapewa maji ya uso. Baba wa binti anatoa kata moja kutoka maji ya nyumba yake, anamkabidhi mama wa bwana harusi. Yule mama anainama, anatazama ndani. Akiuona uso wake wote, mpaka mikunjo, anakunywa, na posa imepita. Asipouona, anamwaga maji kizingitini, wanakunja mikeka, na binti huyo haposwi tena na ukoo ule.

Kiboko akainamisha kichwa kutafuta uso wake. Aliona tope. Kitu kikaelea. Akakisogeza kwa pua.

"Nguchiro," sauti ikawa ndogo, "nifanyeje?"

"Toka ndani. Maji yatulie."

"Nitoke? Na jua hili? Nikitoka tu, wenye kiu wote watamiminika humu na makwato yao!"

Hapo ndipo Nguchiro alipokuwa anapangojea. "Ndiyo maana ujenge ukuta. Ukuta wa mawe, imara, uzunguke chemchemi yote. Mama wa bwana harusi akiuona tu atasema, naam, hawa ni watu."

Kiboko akawaza. Msidhani Kiboko ni mjinga. Ana majivuno, lakini si mjinga. "Fisi!" akaita.

Fisi, mtumishi wake, akaja, kanzu imemng'ang'ania mbavuni. "Labeka!"

"Kimbia mpaka Njia Panda. Uwaone wakwe, uhesabu wako wangapi, urudi uniambie. Na kama huyu kidude amenidanganya..." Kiboko akapanua kinywa, meno yale yote yakaonekana. "Nitamtafuna hapa hapa na mtungi wake. Lakini ukuta uanze sasa hivi."

Fisi akatoka mbio, vumbi, kidi-kidi-kidi!

Moyo wa Nguchiro ukaanguka, pu! Wakwe hawakuwepo, watoto wangu. Hakuna aliyekuja. Alfajiri hiyo Nguchiro hakupishana na yeyote, alikuwa chini kwenye jamvi anafuta matapishi ya mwanawe. Na kutoka pale mpaka Njia Panda, kwenda na kurudi, kwa miguu ya Fisi, ni mpaka jua la utosini. Hizo ndizo saa alizokuwa nazo. Zikiisha, yeye kwisha, na Siwatu kwisha.

"Haya, kazi!" akapiga kelele. "Baba Ndama, waite ndugu zako!"

Wakaja nyati watano, vifua hivi. Kiboko akatoka majini, chururu, akakaa kwenye kigoda chini ya mgunga. Kigoda kikavunjika, kwachu! Akakaa chini.

Mawe yakaanza kuja kutoka mlimani. Gudu! Gudu! Gudu! Nguchiro anaruka juu ya mawe, huku na huku. "Hapo pana pengo! Jaza! Leta kubwa! Kanyaga udongo! Hapo chini acha tundu, maji yapate pa kushukia!" Kila akivuta pumzi anatupa jicho barabarani. Hakuna vumbi bado.

"Ngozi inaniungua!" Kiboko akalia.

"Vumilia, baba wa bibi harusi!"

Ukuta ukafika magoti ya nyati. Ukafika tumbo. Ukafika mabega. Jua linapanda. Wanyama wengine wakaja kutazama kutoka mbali, wamebeba vyombo vyao vitupu, wala hawajui wanatazama nini.

Likabaki pengo moja la mlango.

"Mlango uwe mpana," Kiboko akasema. "Nipite vizuri."

Nguchiro akaruka chini kutoka kwenye mawe. "Bwana Kiboko, mlango mpana ni wa zizi. Unataka wakwe waseme umewapa maji ya zizini? Mlango wa maji ya wakwe unapitisha mchotaji na mtungi wake. Basi."

"Na mimi?"

"Wewe! Mtu mkubwa kama wewe, baba mzima wa bibi harusi, uingie kuchota mwenyewe? Wewe unaletewa!"

Kiboko akatabasamu mpaka masikioni. "Ni kweli. Mimi naletewa."

Lakini Nyati alikuwa amesimama na jiwe la mwisho kwenye pembe. Akautazama mlango. Akalitazama tumbo la bwana wake. Akamtazama Nguchiro. Polepole, uso wake ukabadilika, ameelewa.

"Mama Siwatu," akanong'ona, "mlango huu..."

Nguchiro akaona dunia imesimama. Neno moja tu kutoka kinywani mwa Nyati, na mambo yote yameharibika. Akamsogelea sikioni. "Siku ya tatu, si ulisema?"

Nyati alisimama na lile jiwe, anapumua, hfff, hfff. Kisha akaliweka mahali pake. Gudu! Mlango ukawa mwembamba zaidi.

Nguchiro akaingia na mtungi na kata, eti kumchotea baba wa bibi harusi maji ya uso. Ndani, tope lilikuwa limeanza kulala chini. Kandokando maji bado yamevurugika, lakini pale kwenye jicho la chemchemi, chini ya jabali, pu-pu-pu, yanachomoza meupe. Akachota kata ya kwanza, ina uchafu, akaimwaga. Ya pili, akaimwaga. Mikono inamwambia jaza, kimbia, lakini akajizuia. Ya tatu ilikuwa safi. Akaanza kujaza. Kata moja. Mbili. Tatu.

"Uuuu-wiii!"

Ilikuwa sauti ya Fisi, mbali, inakaribia.

"Hakuna mtu! Bwana Kiboko, njia ni nyeupe! Hakuna hata nyayo! Amekudanganya! Uuuu-wiii!"

Kata ya nne. Ya tano. Nje, ardhi ikaanza kutetemeka, du! du! du! Kiboko anakuja.

Akajibamiza mlangoni, BAM! Vumbi likamwagika kutoka kwenye mawe. Mwili haukupita. Akasukuma kichwa, kikaingia mpaka masikio, kinywa wazi, pumzi ya moto ikampiga Nguchiro usoni. Mlango ulikuwa mmoja tu, nao umejaa meno, na ukuta haupandiki na mtungi wa maji.

"Nitakutafuna!" Kiboko akanguruma. "Utatokea wapi? Utakaa humo mpaka uoze! Nyati! Bomoeni ukuta!"

Hakuna jiwe lililosogea.

"Nyati! Hunisikii?"

"Nakusikia," Nyati akasema.

"Bomoa!"

Nguchiro akaukumbatia mtungi. Akaita kwa nguvu zake zote, sauti ikapita juu ya ukuta: "Baba Ndama! Mtungi huu unatosha watoto wawili!"

Wanyama wote wakamgeukia Nyati. Yule mnyama mkubwa akatazama mawe aliyoyabeba asubuhi nzima. Akamtazama Kiboko, makalio yake yamebaki nje na kichwa kimebanwa ndani.

"Bwana Kiboko," akasema, "mimi nimekulinda kiangazi kizima. Nimewafukuza mama wa watu wenye watoto mgongoni. Na mwanangu anakunywa uchafu wako. Toa kichwa mlangoni, huyu mama apite."

"Unasemaje?"

"Nimesema toa kichwa." Nyati akashusha pembe. Ndugu zake watano nao wakashusha. "Au tukutoe kwa nyuma."

Ah! Hapo mnaweza kucheka. Kiboko akavuta kichwa, kwaruuu, masikio yakachubuka pande zote mbili. Akatazama pembe kumi na mbili, akatazama jua, akatazama ngozi yake iliyoanza kupasuka. Akashuka zake dimbwini kimya kimya, akajitumbukiza. Tangu siku hiyo yeye akaoga chini, na watu wakachota juu. Fisi, msimuulize, alikuwa ameshapotea.

Lakini mnadhani yamekwisha? Bado. Nguchiro alifika nyumbani anahema, na Siwatu alikuwa halii tena. Mtoto mgonjwa akiacha kulia ndipo uogope.

"Mpe!" Kanga akapiga kelele, mabawa juu. "Mpe sasa hivi! Tazama maji yalivyo meupe!"

Siwatu akafumbua jicho. Akauona mtungi. Midomo ikacheza bila sauti.

Nguchiro akainua kata, ikafika karibu na mdomo wa mtoto. Akaishusha.

"Kiboko alikuwa humu asubuhi hii hii," akasema. "Weupe si usafi. Washa moto."

"Mama Siwatu, una wazimu? Mtoto anakufa!"

"Washa moto, Kanga!"

Wakawasha. Mnajua maji yanavyochelewa kuchemka ukiyatazama? Nguchiro aliyatazama huku analia waziwazi, wala hakujificha. Yakaanza mapovu madogo. Yakanyamaza. Yakaanza tena. Mwisho yakatokota sawasawa, togo-togo-togo, akayaacha yatokote kwanza, ndipo akayaepua. Akayamimina kwenye mtungi mwingine alioukosha kwa maji ya moto, akatia chumvi ya kubana kwa vidole viwili na sukari kidogo, akafunika kwa kitambaa safi, akauweka penye upepo. Mikono yake mwenyewe akainawa kwa majivu.

Mlangoni kukawa giza. Ni Nyati, na ndama wake begani.

"Yamepoa?" akauliza.

"Bado."

Akangoja kidogo. "Sasa?"

"Bado, Baba Ndama."

"Sasa je?"

"Ukiuliza tena nitakufukuza!"

Yakapoa. Nguchiro akamnyanyua Siwatu kichwa. Kijiko kimoja. Akangoja. Hakikurudi. Cha pili, akangoja. Cha tatu. Ndama naye kijiko kwa kijiko, baba yake amekishika kijiko kidogo kile kwa shida baina ya kwato. Jua likapinduka, vivuli vikarefuka, nao bado wako pale, kijiko, wanangoja, kijiko, wanangoja. Ndama akalia, sauti ya nguvu, Nyati akakaa chini puu kama mtu aliyekatwa magoti. Lakini Siwatu alikuwa amefumba macho tu. Nguchiro akaweka sikio kifuani pake, akaliacha hapo hapo.

Ndipo kikatoka kisauti chembamba.

"Mama."

"Nipo, mwanangu! Nipo!"

"Nataka kukojoa."

Loo! Kanga akaruka mpaka darini. Nyati akapiga mlio, nyumba ikatikisika. Nguchiro akamkumbatia mwanawe, anacheka na kulia pamoja, wakatoka nje, na majirani waliokuwa wamekusanyika uani wakapiga vigelegele, kijiji kizima, kwa sababu ya mkojo wa mtoto mmoja.

Basi ndiyo hivyo, wajukuu zangu: maji ya kunywa hayaogewi, na hata yakiwa meupe, yachemshe na uyafunike kabla hujamnywesha mtoto.